Ninyamazishie Sakafu

Mstari ulianza kutetemeka, na sisi tukadhani tunashinda.

Tulikuwa tumejaza korido ya ghorofa ya pili ya hospitali, watu wa mtaa mmoja, tukikanyaga. Hatukuwa tunaruka wala kucheza. Tulikanyaga: kisigino kwanza, kisha unyayo wote, kwa mpigo mmoja, midomo imefungwa na miguu inasema, hadi chokaa ikaanza kudondoka kutoka darini kama unga unaochekechwa. Mbele yetu ilikuwepo milango ya chumba cha upasuaji, imeandikwa USIINGIE kwa rangi nyekundu, herufi nilizozichora mimi mwenyewe nikiwa kijana, kwa brashi yangu ya kwanza. Nyuma ya milango ile dada yangu alikuwa amelala tumbo wazi. Ini lake bovu lilikuwa limeshatolewa, na kipande cha ini la binti yake kimeshonewa mahali pake. Pembeni ya milango kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha la kioo, ndani yake meza, na juu ya meza mashine. Kwenye skrini ya mashine, mstari mweupe ulikuwa ukitambaa kwenda kulia, mmoja, mwembamba, umenyooka kama uzi uliovutwa sasa hivi kutoka kwenye sindano.

Ukaanza kurukaruka.

Fundi baiskeli, rafiki yangu wa tangu utotoni, akaniinamia sikioni. "Kipaza, ona! Hata mashine yao inatuogopa!"

Nikacheka. Nikainua mkono, nikawaongezea mwendo.

*

Niseme mimi ni nani, maana maneno ya mtu asiyejulikana ni kama bango lililopigwa na mvua.

Mimi sikusomeshwa. Kusoma nilisoma. Chuo changu kilikuwa magazeti ya kufungia misumari katika duka la vifaa lililokuwa karibu na kwetu, ndiyo maana kwa miaka mingi habari zote nilizozijua zilikuwa na mwanzo bila mwisho: waziri kajiuzulu kwa sababu ya, na hapo karatasi imechanika. Mwisho nikawa najitungia. Watu waliposema huyu kijana ana maneno makali, hawakujua kwamba nilikuwa najaza tu palipochanika. Nikawa mchora mabango: ya maduka, ya vinyozi, ya hospitali, na usiyoyaona yakitundikwa mchana, yale ya kuuliza maji yetu yako wapi, barabara yetu iko wapi, kwa nini. Jina la Kipaza walinipa kwa ajili ya sauti. Katika mikutano ya mtaa kipaza sauti kilipoharibika hakuna aliyehangaika kukitengeneza.

Lakini kukanyaga hakukuwa kwangu. Kulikuwa kwa dada.

Dada alinizidi miaka ya kutosha kunibeba mgongoni, na mama alipofariki alinibeba kweli. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, safu ya tatu, cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Siku moja msimamizi akabandika tangazo ukutani: KUONGEA KAZINI NI KOSA. Wanawake walikuwa wanaomba ruhusa ya kunywa maji, hilo tu, na jibu lao likawa karatasi ile. Dada aliisoma, akasonya, akarudi kukaa. Kisha akamwambia jirani yake bila kugeuza shingo, "Mdomo wameufunga. Mguu wameusahau."

Akainua mguu wake, akaushusha sakafuni. Pu. Jirani yake naye. Pu. Kabla jua halijafika dirisha la katikati kiwanda kizima kilikuwa kinakanyaga, wanawake wamekaa wima, macho mbele, mikono juu ya vitambaa, hakuna hata mmoja anayeongea, kwa hiyo hakuna hata mmoja mwenye kosa. Msimamizi alikimbia huku na huku akitafuta mdomo wa kuushtaki. Siku ya pili ruhusa ya maji ikatoka.

Nilikuwa nasimuliwa kisa hicho jioni, dada akikanda vifundo vyake vya miguu kwa mafuta, na kila aliposimulia msimamizi alizidi kuwa mfupi. Mwishowe alikuwa hapiti kiuno cha mtu. Nikakua, nikautoa mguu wa dada kiwandani nikaupeleka mtaani, na watu wakaanza kuuita mguu wa Kipaza. Dada hakudai kitu. Alikuwa akinishonea mapindo ya mabango yangu yote, na alichonilalamikia ni kimoja: "Herufi zako zinapiga kelele hata kabla hujafungua mdomo. Punguza hiyo K, itamtoboa mtu jicho."

*

Kulikuwa na neno moja ambalo katika familia yetu lilikuwa na kaburi. Neno hilo ni ngoja.

Baba alikuwa mvunja mawe. Jiwe lilimwangukia pajani, wakamleta katika hospitali hii hii, ghorofa ya chini, wakamweka kwenye benchi kwa sababu vitanda vimejaa. Anahitaji damu, wakasema. Damu inakuja. Ngojeni. Dada alikuwa amempakata kichwa. Kila aliyepita na koti jeupe alisema ngojeni, wengine kwa upole kabisa, na benchi lilikuwa la mbao mbichi, likanywa. Mimi nilisimama ukutani nikilisoma tangazo lililosema USITEME MATE, nikalisoma tena na tena, maana ndilo lililokuwepo la kusoma. Damu haikuja.

Tangu hapo nikisikia mtu mwenye cheo anasema ngoja, ulimi wangu huota meno. Nimeambiwa ningoje maji, nimeambiwa ningoje mwalimu wa mtaa, nimeambiwa ningoje bajeti. Najua sura ya neno hilo jinsi mwizi anavyojua sura ya askari.

Kwa hiyo dada alipougua, macho yake yakawa ya manjano kama kurasa za kitabu cha zamani, tumbo likajaa maji, na madaktari wakasema ini limekwisha, dawa ni ini jingine, mimi nilisikia jambo moja tu: upasuaji wa damu nyingi. Binti yake, mpwa wangu, mwoka mikate, mwanamke mwenye mikono imara na maneno machache, akasema, "Kata langu. Si wanasema linaota tena? Basi kata." Madaktari wakampima, wakakubali. Yeye alitoa ini. Mimi nikasema nitatoa damu, na si yangu pekee.

Nilichora bango refu kuliko yote niliyowahi kuyachora. LETE MKONO WAKO. Dada alilipiga pindo yeye mwenyewe, amekaa kitandani na mito mgongoni, anapumzika kila baada ya shubiri. Bango la kuomba damu yake mwenyewe. Nikamwambia aache, tutampa mtu mwingine. "Ushone na nani?" akasema. "Hao wenzako wanaoshona kama wanafunga gunia?"

Mtaa ulikuja. Walijipanga kuanzia benki ya damu hadi nje ya geti: wauza mboga, wabeba mizigo, walimu, watu ambao hawasalimiani. Fundi baiskeli alizimia kabla hajaguswa na sindano, alipozinduka akauliza wamechukua kiasi gani. Jioni ile nilitembea katikati ya mstari ule kama bwana harusi. Nilikuwa namwambia baba, moyoni, ona. Ona, hawa wote. Leo hakuna benchi.

*

Daktari wa usingizi alikuwa mwanamke mfupi mwenye ndara za mpira na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Kazi yake, tulivyoelezwa, ni kumlaza mgonjwa na kumlinda asife wakati wengine wanakata. Manesi walimwita Daktari Ngoja, na alijua wanamwita hivyo. Alikuja wodini kabla ya siku yenyewe, nami nikasimama mbele yake kama mtu anayetoa mahari.

"Daktari, damu ipo. Damu ya mtaa mzima. Imimine yote, usiionee huruma."

"Ngoja kwanza," akasema.

Dada akafumba macho akacheka, maana aliujua moto unaokuja.

"Neno hilo," nikamwambia, "limemuua baba yetu hapo chini."

Hakushtuka wala hakunipa pole ya mdomoni. Akavuta kiti. "Nieleze."

Nikamweleza, benchi na yote. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nilikuwa sijalizoea. Wakubwa wengine niliowahi kuwaeleza kitu walisikiliza saa zao. Kisha akasema, "Baba yako alingojeshwa na watu ambao hawakuwa na kitu cha kungojea. Mimi nikingoja, nangoja jibu."

Akatueleza. Ini ndilo linalotengeneza vitu vinavyogandisha damu. Mtu akibadilishwa ini, damu yake inaweza kukataa kuganda kwa njia tofauti tofauti. Wakati mwingine nyuzi zake zimekuwa chache. Wakati mwingine zile chembe za kuziba tundu zimepungua. Na wakati mwingine inaganda sawasawa, halafu inajiyeyusha yenyewe. "Ukitazama kidonda kwa macho, yote hayo ni damu inayotoka tu. Zamani tulikuwa tunamimina chupa juu ya chupa. Mgonjwa anavimba, mapafu yanajaa maji, na damu inazidi kutoka. Sasa napima kwanza. Halafu nampa kile kilichopungua, na kile tu."

"Kumbe unachukua vipimo," dada akasema, "ndipo ukate kitambaa."

"Ndiyo, mama."

"Kipaza, huyu muache. Huyu ni fundi mwenzangu."

Sikumuacha. Moyoni sikumuacha. Nilitabasamu, nikatoka nje, nikamwambia fundi baiskeli akae na watu karibu na geti siku hiyo, asiende mbali.

*

Waliwaingiza asubuhi, mama na binti, kila mmoja kwenye kitanda chake cha magurudumu. Mpwa wangu aliponipita alinishika kidole. "Mjomba, leo usihutubie mtu." Dada yeye alikuwa ameshavishwa kofia ya kitambaa chepesi, akawa ananionyesha kwa ncha ya kidole jinsi mshono wake ulivyo ovyo. "Na usinifanyie mkutano," akasema. Milango ikafungwa.

Kabla ya saa sita mpwa wangu alitolewa, salama, anakoroma. Baada ya hapo ikawa korido na mimi.

Dirisha la kioo nililigundua kwa sababu sina uwezo wa kukaa. Kila baada ya muda nesi alitoka mlango wa ndani na kichupa kidogo cha damu, akachukua matone, akayaweka kwenye kikombe cha mashine ile, kikombe kidogo kuliko kizibo cha soda. Mstari ukaanza kutambaa. Sikujua unasema nini, lakini nilijua ni wa dada. Nikauangalia jinsi mtu anavyoangalia mlango wa basi linaloshusha watu.

Niliona na kingine. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi. Chini yake kulikuwa na vipande vya boksi vilivyokunjwa, vya boksi la glavu, maandishi yake bado yanasomeka. Jambo hilo nililiona na nikalipita. Nimeishi maisha yangu yote nikitafuta vitu vya kukasirikia, na cha haki kuliko vyote nilikitazama nikakipita.

Alasiri milango ikafunguka, akatoka nesi amebeba sanduku la baridi, lile la kubebea damu. Nililiona likiingia limejaa. Sasa linatoka, na mikono yake imelemewa vile vile.

"Nesi, damu hiyo inakwenda wapi?"

"Inarudi benki, baba, isije ikaharibika."

"Dada yangu..."

"Yuko hai. Anatoka damu, wanahangaika naye. Ila chupa hizi tumeambiwa zisifunguliwe kwanza."

"Nani kasema?"

"Daktari wa usingizi. Amesema tungoje."

Nikaona benchi. Sikuiona korido, sikumwona nesi. Niliona mbao mbichi inayokunywa. Nikaenda dirishani upande wa geti, nikaitoa ile sauti iliyonipa jina.

Walipanda ngazi kama maji yanayorudi nyuma. Mlinzi alisimama mbele yao, kisha akasimama pembeni. Sikuwahutubia, nilikuwa nimekatazwa. Niliwaambia maneno manne: "Damu yetu wanairudisha, anavuja." Kisha nikaushusha mguu wangu sakafuni, pu, na wote wakajua la kufanya.

*

Hapo ndipo mstari ulipotetemeka, na fundi baiskeli akasema alichosema, nami nikacheka.

Daktari Ngoja alitoka akiwa amevaa barakoa, mikono ya gauni lake imelowa hadi viwikoni. Hakupiga kelele. Katikati ya kishindo kile ilibidi tusimame ili tumsikie, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona mtu akiuzima umati kwa kuongea chini.

"Nani mkubwa wenu?"

Wote wakanitazama. Rafiki ni wa shida, wanasema. Siku ile walinitazama upesi mno.

Akanishika mkono wa shati kwa vidole viwili, akaniingiza kwenye chumba cha kioo. "Inama. Usiguse."

Niliinama. Ndani ya mashine kile kikombe kilikuwa kinayumba, polepole, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto. Ndani ya matone ya damu ilikuwa imezamishwa pini, inaning'inia kwenye waya mwembamba kama unywele.

"Damu ikiganda inashika pini, pini inafuata kikombe, na mashine inachora nguvu ya kushika," akasema. "Hicho ndicho kipimo. Mkikanyaga, pini inaruka kwa ajili yenu. Hapa," akagusa ile sehemu ya mstari iliyokuwa meno ya msumeno, "hapa ninyi ndio mmeongea. Dada yako sijamsikia."

"Si umpe damu!"

"Chembe nyekundu za damu nimempa, za kutosha. Nikiongeza sasa zitapita kama maji kwenye kikapu. Nadhani inaganda kisha inayeyuka. Ini jipya likifunguliwa hutokea hivyo. Ipo dawa ya kuzuia kuyeyuka. Lakini nikikosea, nikampa dawa hiyo na shida ni nyingine, damu itaganda ndani ya mshipa unaolisha ini jipya. Lile la binti yake. Halina la akiba." Akanitazama juu ya miwani. "Kipimo hiki kimeharibika. Naanza kingine sasa hivi. Nahitaji muda wa chai ya moto kupoa, na dada yako hawezi kunipa muda huo mara mbili. Ninyamazishie sakafu."

Akaweka matone mapya. Akabonyeza. Akarudi ndani.

Nimewahi kuinua watu. Nimewahi kuwatoa vitandani wakiwa na homa. Kuwanyamazisha sikuwahi, wala sikujua kunafanywaje, maana hata kusema nyamazeni kwa sauti yangu mimi ni kishindo. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha kioo, mtaa mzima unaningoja niseme. Nikainama nikavua viatu.

Nilivishika mkononi. Kisha nikawaonyesha kidole sakafuni, nikakiweka mdomoni.

Wa kwanza kuelewa alikuwa mwuza mboga mmoja mnene, ambaye alivua ndara zake kana kwamba anamvua mtoto aliyelala. Wakafuata wengine. Hakuna aliyekaa, kwa sababu kukaa nako ni mtikisiko. Walibaki walivyokuwa, mguu mmoja mbele, kama picha. Mfagiaji alitokea kona na toroli ya ndoo, gurudumu bovu linapiga kelele, na wabeba mizigo wawili wakaiinua toroli nzima na maji yake, wakaishika hewani, mishipa ya shingo imewatoka. Juu yetu, ghorofa ya tatu, mtu alikuwa anaburuta kitanda. Fundi baiskeli akanitazama, nikaitikia kwa kichwa, akapanda ngazi kwa vidole. Kitanda kikanyamaza. Sijui alimwambia nini mtu yule. Fundi baiskeli anasema alimpigia magoti.

Ule ndio mgomo mkubwa kuliko yote niliyowahi kuongoza. Tuligoma kutembea. Tuligoma kukohoa.

Mstari ulitambaa, mmoja, umenyooka. Nikausubiri ufanye kitu. Ndipo nilipouona unapasuka: uzi mmoja ukawa nyuzi mbili, moja inapanda, moja inashuka, taratibu, kama kitambaa kinachofunguliwa mezani. Nikafurahi, nikaona unapanuka. Kisha pande zile mbili zikaanza kurudiana. Zikakaribiana, zikakaribiana, hadi zikakutana tena kuwa uzi mmoja, umbo lote limekuwa kama jani jembamba lililolala. Sikuhitaji chuo. Kilichoshika kilikuwa kimeachia.

Daktari Ngoja alikuja dirishani kwa ndani. Aliutazama mstari kwa muda wa pumzi moja, akageuka. Nikamsikia kwa sauti ya kawaida kabisa akitaja jina la dawa, na nyuma yake, "Na zile chupa za nyuzi zilizo kwenye barafu, ziyeyusheni sasa."

Baadaye nesi akaleta matone mengine. Tulikuwa bado tumesimama. Wabeba mizigo walikuwa wameshapokezana toroli. Mstari ukatambaa, ukapasuka, ukapanuka. Nikangoja ufunge. Haukufunga. Ulibaki wazi, mpana, pande zote mbili sambamba, unaendelea kwenda kulia hadi ukafika mwisho wa skrini. Fundi baiskeli akainua mikono apige makofi, nikaidaka hewani.

*

Dada alisimuliwa na binti yake, mimi nikiwa mlangoni nimeshika matunda kama mshtakiwa. Alikuwa na mirija puani na macho yake yameanza kuwa meupe.

"Walikanyaga?"

"Walikanyaga, mama. Chokaa ilidondoka."

Alicheka huku ameshika mshono, analia, anacheka, anatukana. Kisha akaniita. "Mlianza na mguu gani?"

Nikafikiri. "Wa kulia."

"Ndiyo maana," akasema. "Ule ni wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa kanyagio, hauachi kazi. Miaka yote hii unanikosea."

Nilimpelekea karatasi ambayo Daktari Ngoja alinipa, michoro yote miwili, jani na ule mpana. Aliigeuza huku na huku kwa jicho la kazi. Jani hakulitaka. Wa pili aliupima kwa shubiri. "Huu ni mkono wa shati," akasema. "Mtu mnene kidogo. Lakini unavalika."

Hasira yangu haikwenda popote. Msinielewe vibaya. Ilihama tu, ikatoka kwa mwanamke wa ndara za mpira ikaenda panapostahili: kwenye boksi la glavu lililokunjwa chini ya mguu wa meza. Nilimwuliza mkurugenzi kwa nini pumzi ya mtu inategemezwa na boksi. Akasema suala liko kwenye bajeti, tungoje. Ah! Hapo nilijua niko nyumbani. Tulikwenda kumkanyagia nje, kwenye udongo, mbali na mashine, mguu wa kushoto kwanza, dada ametuma salamu. Kisha tukachoka naye tukaleta saruji wenyewe. Wabeba mizigo walipandisha kokoto kwa ndoo, bila viatu. Badala ya meza tulimwaga zege lililoshikana na ukuta mnene wa jengo, na siku lilipokauka Daktari Ngoja aliweka juu yake bilauri ya maji iliyojaa hadi ukingoni, akaniambia niruke. Sikutaka. "Ruka," akasema. Niliruka, mtu mzima mimi. Maji hayakutikisika.

Dada aliishi. Aliishi miaka hadi mpwa wangu akamzalia wajukuu, hadi wajukuu wakaanza kumwuliza kisa cha msimamizi wa kiwanda, ambaye kufikia wakati huo alikuwa anaweza kupita chini ya meza bila kuinama. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, usingizini, na ini lile likiwa zima. Daktari Ngoja alikwisha kustaafu. Sijui yuko wapi. Mara nyingine nikichanganya rangi namkumbuka, mikono imelowa hadi viwikoni, na ile sauti.

Wiki iliyopita waliniita hospitali kuchora upya ile USIINGIE. Mkono wangu unatetemeka siku hizi, lakini K sina humo, kwa hiyo hakuna atakayetobolewa jicho. Chumba cha kioo kipo. Mashine ni nyingine, ndogo, na wanasema haijali kishindo, unaweza kucheza ngoma kando yake. Juu ya zege letu kuna birika na vikombe vya manesi. Sawa. Zege halichagui.

Nilipomaliza nikafunga kopo, nikaanza kuondoka. Msichana mmoja wa usafi alikuwa anafagia korido, akaegemea ufagio wake, akanitazama kutoka miguuni hadi usoni.

"Babu, viatu mkononi, unanyata. Umeiba nini humu?"

Nilitaka kumjibu. Lakini ndani, nyuma ya kioo, mtu alikuwa ameweka matone, na mstari ulikuwa umeshaanza kutambaa, mmoja bado, umenyooka, haujaamua.

"Ngoja kwanza," nikamwambia.